Siku Thelathini na Nane Ambazo Sikumeza

Aya hii ya kwanza nimeiandika mara tisa. Mara nne nilianza na goli, mara tano nikaanza na kikohozi, na kila mara nilichana karatasi kwa sababu niliona bado naficha kitu. Sasa naanza na kile nilichokuwa nakificha. Kwa siku thelathini na nane sikumeza dawa zangu za kifua kikuu, na kila asubuhi ya siku hizo nilimpigia mama yangu simu nikamwambia nimemeza. Nilifanya hivyo ili nicheze mpira. Hakuna kitu nimewahi kukitaka kama mpira, na bado ninautaka hata leo, nikiwa na miaka ishirini na sita, wakati watu wa mtaani kwetu Ngokolo wananiita mstaafu na kucheka.

Namwandikia hasa yule aliyekaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi, anayejisikia nafuu, anayehesabu siku zilizobaki na kufikiri kwamba chache akiziruka hakuna atakayejua. Sitakueleza dawa zinafanyaje kazi mwilini. Sijui, na wapo wanaojua. Shule niliishia kidato cha pili. Kuandika nimejifunza kwa kunakili habari za michezo kutoka kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, neno kwa neno, na nikikosea herufi moja nilianza ukurasa upya. Ndivyo nilivyo. Hata mpira niliucheza hivyo. Nilikuwa na daftari la kila goli: dakika, mguu, mpira ulitoka kwa nani. Kurasa za nyuma ziliandikwa nafasi nilizokosa, na hizo ndizo nilizokuwa nazisoma.

Jina langu ni Shija. Kwetu Usukumani huyo ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wenyewe, Kulwa na Doto, ni dada zangu, wameolewa Kahama, na ndiyo maana mama yangu anaitwa Mama Kulwa. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama anauza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na kwa michembe hiyo alininunulia viatu vyangu vya kwanza vya mpira.

Nilianzia kwenye mechi za ng'ombe. Wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu wakipata mawe mazuri hutoa dume, timu mbili zinagombea, na timu inayoshinda inachinja palepale pembeni ya uwanja. Nilikuwa nakodiwa kutoka Shinyanga nikiwa na miaka kumi na saba. Nikifunga, napewa paja zima nirudi nalo nyumbani. Kutoka hapo nikaonekana, nikachezea timu ya mkoa, halafu nikasajiliwa na timu moja ya daraja la kwanza mkoani Geita. Nilikuwa namba tisa. Sikuwa na mbio sana. Nilichokuwa nacho ni mguu wa kushoto uliojua mpira umefika wapi kabla macho hayajaona. Siwezi kukieleza vizuri zaidi ya hapo na nimejaribu sana.

Kikohozi kilianza mwisho wa mvua. Nilikiita mafua, halafu nikakiita vumbi. Jezi ikaanza kunipwaya mabegani. Ligi ilipokwisha nilirudi nyumbani, na Mama aliponiona navua shati akaacha kuchambua maharage, akaniambia nivae viatu.

Kliniki ya kifua kikuu haikai ndani. Benchi liko nje, chini ya bati, ili upepo upite. Unakaa na barakoa, unatazama mgongo wa mtu aliye mbele yako, unasikia nani anakohoa kikavu na nani kinamtoka mbali. Unapewa kikopo, unaambiwa uende nyuma ya jengo ukakohoe humo, na unarudi nacho umekifunika kwa kiganja kama mtu aliyeiba yai. Nilipoambiwa ninao ugonjwa sikulia. Niliuliza swali moja tu, lini nitacheza. Nesi Perpetua, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alisema miezi sita, na kwamba lazima niwe na mtu wa nyumbani atakayesimama mbele yangu kila siku anione nikimeza, kisha aweke alama kwenye kadi. Mama alisema yeye. Akapewa kadi na kalamu. Kesho yake akaazima rula kwa jirani ili alama zake zisimame sawasawa.

Miezi miwili ya kwanza ilipita kwa vidonge vya asubuhi na uji. Mkojo ukawa mwekundu kama kutu, hiyo ni kawaida, Nesi alinionya. Nguvu zikarudi. Pamba ilikuwa inavunwa, malori yanapita yamejaa marobota, na mimi nikaanza kukimbia pembeni ya barabara. Kipimo cha mwezi wa pili kikatoka safi. Nesi akasema safi maana yake endelea. Mimi nilisikia safi tu.

Kocha Mabula akapiga simu mwezi wa nane. Kambi inaanza. Niko fiti? Nikasema niko fiti. Kuhusu dawa sikusema neno. Nesi alinipa vidonge vya kuondoka navyo, Mama akabaki na kadi, na tukapatana: kila siku saa moja asubuhi nikishameza nampigia, naye anaweka alama. Alikuwa amechoka kuogopa, nadhani. Alitaka kuniamini na mimi sikuwahi kumpa sababu ya kutoniamini.

Kambini nililala chumba kimoja na kipa wetu, Elias. Siku mbili za kwanza nilimeza chooni. Siku ya tatu tulipewa jezi mpya za mazoezi, nyeupe. Baada ya mazoezi nilivua yangu nikaona kola imepata rangi, njano iliyokaribia chungwa, kwa jasho langu lenye rangi ya dawa. Elias akaitazama akauliza kama nimekula embe pamoja na jezi. Akacheka, nikacheka. Kisha nikaenda bombani nikaifua mpaka vidole vikachubuka, na rangi haikutoka yote.

Naandika hili polepole. Jambo lililonigharimu mpira wangu lilianza kwenye kola. Niliona kila mtu atauliza, atajua, nitaondolewa kwenye kikosi, wataogopa kunywa maji nilipokunywa. Kwa mtu kama mimi, anayerudia ukurasa mzima kwa herufi moja, doa lile halikuvumilika. Kesho yake sikumeza. Nilishika simu saa moja kamili.

"Umemeza, mwanangu?"

"Nimemeza, Mama."

"Haya. Naandika."

Nilisikia kalamu ikigusa kadi, au nilidhani nimesikia.

Nitakuambia ukweli wote. Siku zile thelathini na nane zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Jezi yangu ilikuwa nyeupe. Mechi nne za ligi nilifunga magoli matano, na ukurasa wa nyuma wa daftari, ule wa nafasi nilizokosa, ulikuwa na mistari miwili tu. Kuna goli moja mpira ulitoka kulia, nikaupokea kwa nje ya mguu wa kushoto huku nimempa kipa mgongo, na mguu ukanieleza kila kitu: mpira una upepo kiasi gani, unazunguka upande gani, nyasi zina umande. Nikauacha uende. Hadi leo nikifumba macho naweza kupitia goli lile hatua kwa hatua, isipokuwa ile sehemu ya mguu. Ile imepotea.

Siku ya thelathini na nane, wakati wa mapumziko, nilikohoa kwenye taulo nikaona damu. Nilikunja taulo. Nikaingia kipindi cha pili. Dakika chache baadaye nilikaa chini katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, na sikuweza kusimama.

Timu nzima ilipimwa. Elias alipimwa, Mama alipimwa. Wote walikuwa wazima, na huo ndio msamaha mkubwa niliopewa katika habari hii yote. Mimi nikaambiwa vimelea vyangu vimekuwa sugu, kwamba dawa za mwanzo hazitatosha tena. Daktari hakusema ni kwa sababu ya siku zile, kwa kuwa hakuzijua. Mimi nasema ni hizo.

Siku niliyorudishwa kliniki ya Ngokolo, Nesi Perpetua aliomba kadi. Mama akaitoa kwenye mfuko wa plastiki alioukunja mara tatu. Hakukuwa na kisanduku hata kimoja kilichorukwa. Mistari imenyooka kama imepigwa chapa. Nesi aliitazama muda mrefu, kisha akamuuliza mbele ya benchi zima.

"Mama Kulwa, hizi alama ulikaa siku moja ukazichora zote?"

"Kila siku, Nesi. Akimeza, naandika."

"Ulimwona akimeza?"

"Alikuwa kambini. Aliniambia."

"Mimi nilikuambia uone. Sikukuambia usikie."

Mama akavuta khanga yake begani. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu haniongopei."

Watu kwenye benchi waliangalia miguu yao. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua nne kutoka kwake, na barakoa usoni. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nikipona haraka nitarudi kwenye dirisha dogo la usajili, na kama Nesi angejua niliacha dawa angeandika, na kikiandikwa timu ingejua. Nilimwacha mama yangu akaripiwe kwa ajili ya dirisha dogo.

Matibabu ya pili yalikuwa miezi tisa. Wiki za kwanza nililazwa mbali na nyumbani, kisha nikarudishwa Ngokolo kuendelea. Vidonge vilikuwa vingi, vingine vinakuja na kichefuchefu chake. Ngozi yangu ikabadilika, nikawa mweusi wa kukoza, mweusi wa chungu kilichokaa motoni, na watoto waliokuwa wananishangilia wakawa wananipita bila kunijua. Kila mwezi napimwa moyo, kila mwezi naketi kwenye benchi lilelile.

Hapo benchini nilimpata Mzee Lugembe, mchimbaji wa zamani wa upande wa Bulyanhulu aliyekuwa anakaa kwa binti yake mjini ili atibiwe. Siku ya kwanza aliniangalia juu ya barakoa kwa muda, kisha akamgeukia jirani yake.

"Huyu namjua. Ndiye aliyekuja kula ng'ombe wetu."

"Mlikuwa na beki mbovu, mzee," nikasema.

"Beki alikuwa mimi."

Benchi zima likacheka, na wale wenye vifua vibaya wakalipia kicheko hicho kwa kukohoa. Tangu siku hiyo aliniwekea nafasi. Wakati mmoja aliniuliza nikipona nitafanya nini. Nikasema nitacheza. Akatikisa kichwa, si kwa kunikatalia. Alisema yeye duara ameliaga, duara ndiyo shimo la wachimbaji, mapafu yake hayawezi tena, lakini kila akifumba macho anajiona anateremka, kamba mkononi, taa kichwani. "Halijanipa kitu duara lile," alisema. "Na bado nateremka." Nilijua anaongea habari zangu.

Nyumbani palikuwa pamepoa. Mama alikuwa na hesabu yake na ilikuwa sahihi kwa mujibu wa kile alichokijua. Dawa zote zilimezwa, alama zote aliziandika kwa mkono wake, na ugonjwa umerudi. Basi kuna mkono wa mtu. Mama ni Mkatoliki, anaimba kwaya, na nilimwona akiona aibu kwa mawazo hayo, ila hakuweza kuyaacha. Alimkumbuka Shangazi Ng'washi, dada wa marehemu baba, anayekaa mwisho wa Ngokolo. Mwanawe Maduhu alikuwa mshambuliaji kabla yangu, na mimi ndiye niliyechukua namba yake kwenye timu ya mkoa. Siku naondoka kwenda Geita, Shangazi aliniambia mpira una mwisho, nisisahau nyumbani. Mama akayachukua maneno hayo akayageuza upande wa pili.

Hakumwambia Shangazi kitu. Ingekuwa afadhali angegomba. Kila Alhamisi Shangazi alikuja na kidumu cha maziwa ya mgando kwa ajili ya kifua changu. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamsindikiza mpaka njia panda. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akamimina yote kwenye sufuria ya mbwa. Niliona kupitia dirishani wiki baada ya wiki, na jioni nilikunywa chai ya rangi.

Mvua ziliponoga, mwezi wa nne wa dawa, miguu ikaanza. Kwanza vidole vilichomachoma. Halafu nikawa nakanyaga sakafu kama nakanyaga godoro. Asubuhi moja nilikanyaga kaa la moto pembeni ya jiko nikalijua kwa harufu. Nesi alikuwa ameniambia mapema kabisa: miguu ikianza kufa ganzi sema siku hiyohiyo, kuna dawa tutapunguza. Sikusema. Wiki tatu sikusema, kwa sababu mtu akiandika kwamba mguu wa kushoto wa Shija hausikii, basi limeandikwa. Ulifikiri nilijifunza mara ya kwanza? Mimi pia nilifikiri.

Alhamisi moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilijua Shangazi hatakuja. Akaja. Khanga zote mbili alikuwa amefunikia kidumu, yeye mwenyewe maji yanamtiririka usoni, na kidole cha mguu kimepasuka kwa kujikwaa. Mama akapokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Hakumwambia hata aketi angoje mvua ipungue. Shangazi akarudi kwenye mvua, na Mama akashika njia ya nyuma ya nyumba.

"Mama, usimwage."

"Nyamaza. Hujui anayekupenda na asiyekupenda."

"Sikumeza."

"Hukumeza nini?"

"Dawa. Kule kambini. Siku thelathini na nane. Nilikuwa nakuambia nimemeza, sikumeza hata siku moja."

Aliweka kidumu chini taratibu, kama kinaweza kupasuka. Nilingoja aniulize kwa nini, nilikuwa na majibu. Aliniuliza kitu kingine.

"Hata ile Jumapili niliyotoa sadaka ya shukrani?"

"Hata hiyo."

Mvua ilipiga bati. Mbwa alikuwa amekwisha kuja kwenye sufuria yake, anatikisa mkia.

"Na kingine?" akasema Mama.

"Miguu. Nyayo sizisikii. Wiki ya tatu sasa."

"Vaa viatu," akasema, vilevile kama siku ya kwanza.

Nilidhani tunakwenda kliniki. Tulikwenda kwa Shangazi. Tulimkuta anakamua khanga mlangoni. Mama yangu akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akasema shikamoo wifi, na hakuinuka baada ya kuitikiwa. Akaniambia nieleze. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, kisha nikaona haifai nikapiga magoti na mimi. Mama akaeleza ya kwake: alichokuwa anakifikiria, na alichokuwa anakifanya.

Shangazi alimaliza kukamua khanga, akaitundika mlangoni.

"Maziwa yangu ulikuwa unampa nani?"

"Mbwa," Mama akasema.

"Yule mwekundu?"

"Ndiye."

"Ndiyo maana. Miezi hii yote ananisindikiza mpaka kwangu. Nikasema, nyumba ile angalau mmoja ananipenda."

Sijui nani alianza, ila nilisikia Mama analia na kucheka kwa pamoja, na Shangazi akamshika mkono akamwinua. Nami nikajiinua. Shangazi akanigeukia na uso wake haukuwa na mzaha.

"Wewe usiniangalie hivyo. Wewe bado. Alhamisi utakuja mwenyewe kuchukua maziwa, kwa miguu yako hiyo hiyo."

Nikawa nakwenda kila Alhamisi, kutoka mwanzo wa Ngokolo hadi mwisho, natazama kila ninapokanyaga. Mara ya tano au ya sita alinipa na kiti.

Kliniki tulikwenda kesho yake. Nesi Perpetua alisikiliza, akaandika, akaomba daktari aangalie miguu, na dawa moja ikasimamishwa. Alipomaliza alimwambia Mama, mbele ya benchi, kwa sauti ileile ya mwalimu mkuu, kwamba siku ile alikosea kumwambia vile. Kisha akanipa kadi mpya. Kuanzia hapo Mama hakusikia tena, aliona. Kila asubuhi alisimama mbele yangu na kikombe. Fumbua. Inua ulimi. Geuka kwenye mwanga. Mwanaume wa miaka ishirini na tano, nimekaa kwenye kigoda, mama yangu ananichungulia mdomoni kama ng'ombe wa mnadani. Niliona aibu kwa siku kama kumi. Baadaye nikaona kwamba ndiyo dakika pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyehitaji kumwamini mwenzake. Kama una mtu wa kukusimamia hivyo, mfumbulie mdomo. Kama kuna siku umeruka, iseme leo kabla haijapata mtoto.

Nilipona pamba inavunwa tena. Nesi alisema neno lenyewe, umepona, akanipa mkono. Mzee Lugembe alikuwa amemaliza miezi miwili kabla yangu na amerudi kwao, aliacha salamu kwamba nisirudi kuwala ng'ombe. Picha ya kifua ilionyesha pafu la kushoto limesinyaa juu. Daktari alisema litanitosha kwa kutembea, kulima, kuoa, kuzeeka. Miguu ingeweza kurudi kidogo, au isirudi, tungojee. Hakutaja mpira na mimi sikumuuliza, kwa sababu maadamu sijauliza lilikuwa halijajibiwa.

Mwezi wa saba Kocha Mabula akapiga simu. Amesikia nimepona. Mshambuliaji wake ameondoka. Nije nionekane.

Mama alikuwa anapanga michembe kwenye magunia. Alisikia mazungumzo yote. Hakuniambia niende wala nisiende. Aliniuliza tu kama nitamwambia Kocha. Nikasema nitamwambia. Nilimaanisha. Ndani ya basi la Geita nilipanga maneno, nikayapanga upya, nikaamua nitasema getini kabla sijaingia. Getini nikakutana na harufu ya nyasi zilizomwagiwa maji. Nikaingia. Nikavaa viatu. Nilikaza kamba kwa macho, nikivuta mpaka nilipoona ngozi imekunjamana, maana mguu wenyewe haukuniambia kama imekaza.

Wenzangu walinikumbatia mmoja mmoja. Elias alinipiga kichwani na glovu. Kocha hakutaka nikimbie siku hiyo, alitaka nimalizie mipira ya krosi tu, na nikaona kwamba inawezekana. Dakika ishirini kila mechi, ndani ya boksi, bila kukimbia sana. Nani angejua? Nilikuwa najiuliza hivyo kwa maneno yaleyale niliyowahi kujiuliza, na nikayatambua, na bado nikasimama kwenye nafasi yangu.

Krosi ya kwanza ikatoka kulia. Niliifuata kwa macho tangu ilipopigwa, nikahesabu, nikarusha mguu wa kushoto mahali ambapo macho yalisema mpira utakuwepo. Elias akaruka. Wavu ukatikisika kwenye kona ya juu. Wakapiga makofi, mmoja akaita namba tisa karudi. Nilitazama chini kuona kama mguu ulikuwa wangu. Sikusikia kitu. Si uzito, si ngozi ya mpira, hata ule mshtuko mdogo wa kifundoni. Niliona goli langu kama alivyoliona mtu aliyesimama nje ya uzio.

Kocha akaja akanishika bega.

"Jicho bado unalo. Jumatatu unasaini."

"Kocha, sikuusikia."

"Nini?"

"Mpira. Mguu huu hausikii. Na pafu la kushoto ni nusu, nikikimbia kutoka hapa mpaka katikati ya uwanja nakaa chini. Na mwaka jana nilikuja hapa natumia dawa za kifua kikuu, nikaziacha ili msijue. Elias alikuwa analala kitanda cha pili."

Kocha aliondoa mkono begani. Alimtazama Elias, aliyekuwa anatoa mpira wavuni anaimba peke yake.

"Ungenyamaza leo ningekusajili," akasema.

"Najua."

"Sasa kwa nini umesema baada ya goli? Si ungesema ulipofika."

"Lingetoka nje ningenyamaza, Kocha. Ningesema kesho nitajaribu tena. Limeingia vile lilivyotakiwa kuingia, na mimi sikuwepo."

Alikwenda kwa Elias, wakaongea wamesimama kwenye mstari wa goli. Elias hakuimba tena. Aliniangalia mara moja kutoka kule, kwa mbali, na sikujua anasema nini kwa macho yale, na sijajua hadi leo kwa sababu hajanipigia. Kisha akavaa glovu zake, akagonga miti yote miwili kwa kiganja kama anavyofanya siku zote, na Kocha akapuliza filimbi mazoezi yaendelee.

Nilimuuliza Kocha kama naweza kukaa. Akasema kaa.

Nilikaa pembeni ya mstari, viatu nimevaa. Krosi zilitoka kulia, kisha kushoto, na mtoto mmoja mpya mwenye namba tisa mgongoni alizikosa karibu zote. Nilijua kila moja alipokosea. Ya tatu aliwahi mno. Ya sita alifunga macho. Hakuna aliyeniuliza na sikusema. Mpira mmoja ukateleza ukaja mpaka nilipokaa, ukagusa mguu wangu, nikajua umenigusa kwa sababu ulisimama. Nikauokota kwa mikono nikamrushia.